Kitenzi cha Kumi na Nane

Katika nchi yetu hakuna mtu aliyewahi kutengwa. Hili naliweka mbele kabisa, kwa sababu wapo watu wa nje wenye haraka ya kutufikiria vibaya. Nchi yetu inaitwa Jamhuri ya Wote, na jina hilo limeandikwa kwenye lango la Ikulu, kwenye noti, na kwenye kofia za polisi wa kutuliza ghasia. Wote maana yake ni wote. Wasiokuwamo si sehemu ya wote, kwa hiyo hawapunguzi kitu.

Mimi naitwa Gaspari Chilolo, Afisa Vitenzi Daraja la Pili katika Wizara ya Ujumuishaji. Kazi hii niliipata baada ya wataalamu wa nchi rafiki kutuandikia Sheria ya Ushiriki Uliopangwa. Waliiandika kwa Kiingereza, kurasa mia nne, wakapiga picha na Rais, wakapanda ndege. Bunge liliipitisha siku hiyohiyo kwa sauti moja, na kesho yake ikabainika kwamba hakuna aliyeielewa. Ilikuwa na vitenzi kumi na saba, vyote vikiwa na maana ya kumweka mtu nje, na kila kimoja kilikuwa na fomu yake, dirisha lake na rangi yake ya muhuri. Serikali ikatafuta mtu aliyewahi kupata alama za juu katika Kiingereza. Nikapatikana mimi.

Niliitafsiri kwa miezi mitano. Vitenzi vingine vilikuwa vyepesi: kuruka, kuchuja, kuengua, kufuta, kutenga, kufukuza. Vingine vilinitoa jasho. Vile viwili, exclude na preclude, vilinikalia kooni wiki tatu, mpaka nikaamua kimoja kiwe kumzuia aliyekwisha kufika na kingine kiwe kumzuia ambaye bado yuko njiani. Mkurugenzi wangu, Bwana Nyambari, alinipa mkono mbele ya watumishi wote. Alisema sasa mwananchi ataweza kuwekwa nje kwa lugha yake mwenyewe, haki ambayo wakoloni walitunyima.

Mwaka huo Daftari la Wote lilinakiliwa upya kwa mkono, kwa sababu kompyuta zilikuwa zimefungwa kwenye maboksi zikisubiri kuzinduliwa. Karani aliyekuwa akinakili alimwaga chai. Kurasa nne zikagandana, naye akazifunua kwa pamoja kama ukurasa mmoja, na watu mia tatu na kumi na wawili wa Mtaa wa Mkuyati wakawa hawamo. Sote ofisini tulijua. Karani hakuadhibiwa, kwa kuwa Serikali haikosei, na chai yenyewe ilikuwa ya Serikali.

Kilichobaki kilikuwa kuwapa watu hao kitenzi.

Siku ya Jumanne asubuhi alisimama mbele ya dirisha langu mwanamke mrefu aliyevaa sweta la kijani, mkononi ameshika bahasha ya hospitali. Nilimtambua kabla hajasema neno. Alikuwa Mwalimu Veridiana, aliyenifundisha Kiingereza kidato cha pili na cha tatu, na aliyenifuata nyumbani nilipoacha shule baada ya kufiwa na baba, akakaa kwenye kigoda chetu mpaka nikakubali kurudi. Nilisimama, nikamwamkia. Aliitikia, kisha akanitazama vizuri.

"Gaspari. Kumbe ni wewe uko humu."

"Ni mimi, Mwalimu."

"Afadhali," akasema, na nikaona mabega yake yakishuka. "Nimehangaika madirisha sita. Nilikuwa nimekwisha kata tamaa."

Alinieleza. Mumewe, Mzee Tobiasi, fundi bomba mstaafu wa Mtaa wa Mkuyati, figo zake zilikuwa zimekufa mwaka uliopita. Aliishi kwa mashine. Kila Jumatano na Jumamosi alipelekwa Hospitali ya Wote, akalazwa kwa saa nne, damu ikatolewa, ikasafishwa, ikarudishwa. Jumamosi iliyopita aliposhuka kitandani muuguzi alimwambia kwamba hiyo ilikuwa mara ya mwisho, kwa sababu jina lake halimo tena kwenye Daftari, na mashine ni ya Wote.

"Jina langu mimi limo, liliandikwa kule shuleni," Mwalimu akasema. "Tunalala kitanda kimoja miaka thelathini na nane, mimi nimo, yeye hayumo. Nimeuliza kwa nini. Wananiambia niende kwa Afisa Vitenzi."

"Anaweza kukaa muda gani bila mashine?"

"Daktari alisema wiki moja, si zaidi. Miguu imeshaanza kuvimba. Jana usiku alilala ameketi."

Nilifungua kitabu changu cha mwongozo. Nilifanya hivyo kwa haraka, kuonyesha kwamba nilikuwa upande wake. Nikamweleza kwamba yote yatategemea kitenzi. Akiandikwa kuwa amerukwa, atasubiri siku tisini kisha ataombewa kurudishwa. Akiwa ameenguliwa, atakata rufaa mbele ya baraza, ambalo wajumbe wake bado hawajateuliwa. Akiwa ametengwa, ataruhusiwa kuiona huduma kupitia kioo, bila kuigusa.

"Mashine ataiona kupitia kioo," Mwalimu akarudia polepole.

"Ndivyo sheria inavyosema."

"Na hicho cha mwisho, kufukuzwa?"

"Hicho ni kibaya, Mwalimu. Aliyefukuzwa hupakiwa kwenye gari la Wizara siku ya Alhamisi, anapelekwa mpaka Kizuizi cha Udugu, anapewa chupa ya maji na pakiti ya biskuti, anavushwa."

Alihesabu siku kwa vidole. Nyuma yake foleni ilikuwa imefika mlangoni. Kisha akaegemea dirisha, akashusha sauti.

"Ng'ambo ya Kizuizi cha Udugu kuna hospitali ya masista. Dada yangu alitibiwa pale. Wana mashine mbili, na hawaulizi mtu daftari."

"Mwalimu."

"Mfukuze mume wangu, Gaspari. Nakuomba."

Nimekaa kwenye dirisha hilo miaka minne. Nimeombwa mambo mengi, lakini sikuwahi kuombwa kitenzi kikali zaidi. Nilimweleza ukweli, tena kwa upole, kwamba mumewe hafukuziki. Mtu hufukuzwa kutoka ndani. Aliyeko nje huzuiwa tu, na Mzee Tobiasi alikuwa nje tangu chai imwagike. Nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha tofauti hiyo ubaoni, kati ya expel na exclude, na kwamba nilipata swali hilo kwenye mtihani wa taifa.

"Nilikufundisha ili ufaulu," akasema. "Sikukufundisha ili uje unifungie mlango."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonisumbua. Nikamwambia anipe mpaka jioni.

Jioni nilipata njia, na bado naamini ilikuwa njia nzuri. Sheria yetu ina kifungu cha ujumuishwaji wa muda. Wataalamu walikiweka kwa ajili ya watalii na mashindano ya mpira, lakini sisi tunakitumia kwenye mikutano ya hadhara. Waziri anapohutubia na uwanja ukawa haujajaa, watu wasiomo hupewa kadi ya kijani ya nusu siku, wanakuwamo mpaka saa sita mchana, wanapiga makofi, kisha kadi inakufa. Kesho yake, Jumatano, Waziri angehutubia Uwanja wa Umoja.

Nilimpelekea Mwalimu kadi nyumbani kwake mimi mwenyewe. Mzee Tobiasi alikuwa ameketi sebuleni, miguu ameiweka kwenye ndoo iliyopinduliwa, uso umejaa kama wa mtu aliyeumwa na nyuki. Mkono wake ulikuwa baridi nilipoushika.

"Kwa hiyo kesho nitakuwa mwananchi," akasema.

"Mpaka saa sita, Mzee."

"Na kadi hii itanifikisha kwenye mashine? Kesho ndiyo zamu yangu."

"Hapana. Ni ya makofi tu. Lakini ukiwa nayo utakuwa umo, na ukiwa umo naweza kukufukuza."

Alicheka mpaka akakohoa. Alisema kwamba mabomba ya hospitali ile yeye ndiye aliyeyalaza, kuanzia tangi mpaka kwenye chumba cha mashine, na kwamba maji yanayosafisha damu za watu hupita kwenye viungio alivyovikaza kwa mikono yake. Mwalimu alimwambia asiongee sana, anamaliza pumzi.

Uwanja wa Umoja hauna kivuli. Wenye kadi za kijani huketishwa upande wa jua, ili wenye daftari wapate mwavuli. Mzee Tobiasi aliwasili saa tatu, amebebwa na majirani wawili kwenye kiti cha plastiki. Msimamizi wa makofi alipita na kuwaelekeza: wakisikia neno "wote", wapige, wakisikia "maendeleo", wapige na kusimama. Mwalimu aliomba mumewe asamehewe kusimama. Msimamizi alishauriana na wenzake, wakakubali kwamba mgonjwa ainue mikono badala ya miguu.

Waziri wetu ni Mheshimiwa Profesa Mhandisi Kashindye. Aliongea kwa saa mbili na dakika ishirini.

"Ndugu wananchi," alisema, "maadui zetu wanadai kwamba katika Jamhuri hii wapo watu walioachwa nje. Mimi nauliza, nje ya nini? Mimi naona wananchi waliojumuishwa, na wananchi ambao ujumuishwaji wao umechukua sura ya kutokuwapo. Hawa wa pili tunawapenda zaidi, kwa maana hawatudai chochote. Na nawaambieni, hakuna Serikali barani humu yenye vitenzi vingi kama yetu. Wenzetu wana vinne, vitano. Sisi tuna kumi na saba, na tunaendelea. Hayo ndiyo maendeleo."

Uwanja ulisimama. Mzee Tobiasi aliinua mikono. Nilikuwa nyuma yake na fomu kwenye mkoba, na niliona vidole vyake vimevimba mpaka pete imezama. Saa tano na dakika hamsini nilichuchumaa kando ya kiti chake, nikajaza fomu ya rangi nyekundu, nikaigonga muhuri juu ya goti langu. Sababu ya kufukuzwa: alikuwamo.

"Asante, baba," Mwalimu akaniambia. Hakuwahi kuniita baba kabla ya siku hiyo.

Alhamisi asubuhi gari la Wizara lilimchukua. Mwalimu alifika na begi dogo, blanketi na chupa ya chai, akakuta dereva anamwambia kwamba hapandi. Aliyefukuzwa ni mumewe. Yeye yumo, na aliyemo haruhusiwi kutumia gari la wasiomo, kwa maana hiyo ingekuwa kuwanyang'anya wanyonge haki yao. Akampa mumewe blanketi na chai kupitia dirishani, akakodi bodaboda, akawafuata kilomita mia moja na kumi nyuma ya vumbi la gari lile.

Yaliyotokea mpakani niliyajua kwa simu, na baadaye kwa ripoti.

Kati ya kizuizi chetu na kizuizi cha jirani kuna hatua sitini za ardhi tupu. Gari lilimshusha Mzee Tobiasi upande wetu, askari wakamvusha, kizuizi kikashushwa nyuma yake. Alitembea hatua zile sitini kwa kusimama mara nne. Upande wa pili afisa wa jirani alikuwa mtu mwenye heshima. Alimpa kiti. Kisha akamweleza kwamba nchi yake hupokea waliofukuzwa, lakini lazima wawe raia wa mahali fulani, ili siku moja waweze kurudishwa. Akaomba kitambulisho. Mzee Tobiasi alikuwa na kadi ya kijani iliyokufa saa sita mchana siku iliyotangulia.

Hivyo akawa pale. Kwetu alikuwa ametoka, na kwa jirani alikuwa hajafika. Kutoka kwenye kile kiti, paa jekundu la hospitali ya masista linaonekana vizuri. Masista wawili walikuja na machela mpaka kizuizi cha jirani, wakakatazwa kukipita, wakakaa chini kwenye nyasi wakisubiri.

Ijumaa asubuhi simu ya mezani kwangu ililia. Alikuwa Sajini Horombo, mkuu wa kituo upande wetu.

"Afisa Chilolo, nina tatizo la lugha," akasema. "Yule mama mwalimu amepita chini ya kizuizi. Nilimwambia haruhusiwi, akainama akapita. Sasa amekaa chini, kichwa cha mumewe kiko mapajani mwake. Kwenye kitabu cha zamu niandike nini? Hakufukuzwa, hakuzuiwa, hakuenguliwa. Nimepitia vyote kumi na saba."

"Mzee anaendeleaje?"

"Anapumua kama mtu anayepanda mlima. Hasemi tena." Nikasikia mlango ukifungwa upande wake. Aliposema tena alikuwa ameisogeza simu karibu na mdomo. "Sikiliza, kaka. Nina kifungu kinachosema kwamba Afisa Vitenzi akitamka kuwa mtu hana kitenzi, naweza kumrudisha ndani mpaka kipatikane. Zahanati ya jeshi iko hapa, ina gari la wagonjwa, na kambini kwetu kuna mashine. Ni ya makamanda, lakini ipo, na daktari wake ni mtu wa kwetu. Niambie tu kwamba Mzee hana kitenzi, maana jirani hakumpokea na kufukuzwa kwake kuliishia njiani. Niandike jina lako na saa, basi. Nifungue?"

Mkurugenzi Nyambari alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yangu, kikombe mkononi. Nilifunika simu kwa kiganja nikamweleza. Alifikiri, akanywa funda moja.

"Ukisema hana kitenzi," akasema, "utakuwa umesema sheria ina upungufu. Mwambie asubiri Jumatatu, tuunde kamati."

Hakunifokea wala kunitisha. Alisema hivyo akarudi ofisini kwake, na mlango wangu ukabaki wazi. Mle ndani nilikuwa peke yangu na simu. Ningeweza kusema neno moja. Nimelipima mara nyingi tangu siku ile, ni fupi, halina hata herufi sita.

"Sajini," nikasema, "subiri Jumatatu."

"Jumatatu," akarudia.

"Kamati itakaa."

Alikata simu bila kuaga.

Mzee Tobiasi alifariki Jumamosi saa kumi alasiri. Ripoti inasema kwamba kulitokea ubishi wa saa tatu kuhusu upande wa kumzika, kila upande ukiusihi mwenzake umpokee kwa heshima zote. Mwishowe askari wetu wanne na askari wa jirani wanne walichimba palepale alipokuwa, na masista wakaimba kutoka nyuma ya kizuizi. Sajini Horombo alivua kofia. Kwa kosa hilo aliandikiwa barua.

Jumatatu kamati ilikaa, nami nilikuwa katibu. Haikuwa kamati ya kubahatisha. Walikuwapo wanasheria watatu, mtaalamu wa takwimu, na Mheshimiwa Waziri mwenyewe. Ilionekana wazi kwamba mtu aliyekaa kati ya vizuizi viwili kwa siku mbili hakuwekwa pale na Serikali yoyote, kwa maana kila Serikali ilikuwa na karatasi ya kuthibitisha hivyo. Basi ni nani aliyemweka? Alibaki yeye tu. Saa nane mchana tulikuwa tumepata kitenzi cha kumi na nane: kujitoa. Waziri alifurahi sana. Alisema hiki ndicho kitenzi cha kwanza kutungwa na wazalendo, na kwamba kinaweza kutumika kwa wale wengine mia tatu na kumi na mmoja bila gharama ya gari wala biskuti.

Jumatano Mwalimu Veridiana alikuja dirishani. Sweta lilikuwa lilelile la kijani, na magotini gauni lilikuwa na udongo mwekundu wa mpakani. Alihitaji cheti cha kifo. Bila cheti, mbele ya sheria, alikuwa bado mke wa mtu asiyekuwapo.

Nilimpa pole. Akaitikia kwa kichwa. Nikatoa fomu mpya, iliyokuwa bado inanuka wino, nikaanza kumsomea maneno ya juu kama utaratibu unavyotaka: kwamba Jamhuri ya Wote inasikitika kutambua kutokuwapo zaidi kwa mshiriki aliyetajwa, kufuatia…

"Gaspari," akasema. "Ngoja. Weka hiyo chini."

Nikaiweka.

"Mimi nilikuwa naye. Najua alivyokufa. Nataka kusikia kwako. Sajini aliniambia alikupigia simu. Aliniambia alichokuomba."

Foleni nyuma yake ilikuwa imetulia. Nilijaribu kumtazama, nikaishia kutazama bahasha aliyoishika.

"Ni kweli alipiga," nikasema. "Aliniuliza kama afungue."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia asubiri Jumatatu."

"Ulijua kwamba hatafika Jumatatu?"

"Nilijua, Mwalimu. Ulikuwa umeniambia mwenyewe."

"Kwa hiyo alikufa kwa nini?"

Sikuwa na kitabu cha kufungua. "Alikufa kwa sababu tulikataa kumfungulia," nikasema. "Mimi nilikataa."

Alishusha pumzi, polepole, kama mtu aliyetua mzigo ambao bado atapaswa kuubeba.

"Haya," akasema. "Andika hivyo."

Nikachukua kalamu, nikaandika. Alisubiri mpaka nimalize, nikagonga muhuri, kisha akaomba aone. Niligeuza fomu upande wake, nikaisukuma chini ya kioo. Kwenye nafasi ya sababu nilikuwa nimeandika: kujitoa.

Aliisoma yote, mpaka sahihi yangu. Akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya bahasha, akaniuliza choo kiko wapi. Nikamwonyesha mlango ulioko mwisho wa korido. Alikaa humo muda mrefu, maji yakiwa yamefunguliwa, na foleni ilipoanza kunung'unika nikamwita anayefuata.